Tapeli anayejua kazi yake hakuombi hela siku ya kwanza. Tuwaongelee wapiga saundi wa viwanja hapa Dodoma

Mkazi wa Ntyuka (mleta uzi)

Wakuu heshima kwenu. Hili jambo limetugawa kijiweni nusura tukunjane mashati, kwaio nalileta huku. Kuna jamaa kawaliza watu mtaani kwetu, kiwanja kimoja kakiuza kwa watu watatu, hati za kuchapisha, mihuri ya kuchonga, kisha akayeyuka. Hayo tumeshazoea Dodoma hii, sio habari. Kilichonishangaza ni kwamba katika hao watatu wawili mpaka leo wakimtaja wanamtaja kwa upole kabisa, "yule kaka alikuwa mtu wa watu", na mmoja anakwambia huenda kapatwa na matatizo huko aliko tusimhukumu. Jamani! Mtu kaondoka na kiinua mgongo chako halafu unamwombea dua!

Mwizi akikukwapua simu pale Jamatini unapiga yowe, watu wanamkimbiza, yakiisha yameisha. Huyu hakukwapua, alipewa. Mzee mmoja kati ya hao watatu alimhesabia noti mezani kwake mwenyewe, akamwambia hesabu tena mwanangu isije ikapungua, na chai ya maziwa akanyweshwa.

Wamarekani mtu wa hivi wanamuita konmani na jina hilo lina kesi yake, New York mwaka 1849. Kulikuwa na jamaa anaitwa William Thompson, mtanashati, anamsogelea mtu barabarani anamchangamkia utadhani wanafahamiana zamani, wanapiga stori, halafu anamuuliza, hivi unaniamini kiasi cha kuniachia saa yako mpaka kesho? Mtu anavua saa anampa! Alikamatwa Julai mwaka huo, mmoja wa aliowaliza, Thomas McDonald, aliyekuwa amempa saa ya dhahabu ya dola 110, alimuona tena barabarani akamuitia polisi. Magazeti yakambatiza mtu wa kuaminiwa, kwa Kiingereza confidence man, na hapo ndo konmani ilipozaliwa. Sasa angalieni, jamaa hakumwaga uongo mwingi. Aliuliza swali moja tu, ila swali lenyewe ukijibu hapana unajiona huna utu.

Alafu kuna huyu mwingine ndo mwalimu wao wote, Victor Lustig. Mwaka 1925 Paris, mnara wa Eiffel umechakaa, kuutunza gharama, magazeti yanaandika. Lustig akajifanya ofisa wa wizara ya posta na telegrafu, akawaita wauza vyuma chakavu hoteli ya Crillon, akawaambia serikali imeamua kuuza mnara skrepa lakini ni siri. Akamchagua mmoja, André Poisson, mtu anayetamani kuheshimika mjini. Poisson akaanza kuingiwa na wasiwasi. Unajua Lustig alifanya nini? Alimuomba rushwa. Akaanza kulialia kwamba kazi ya serikali mshahara mdogo, na mtu unatakiwa uvae uonekane. Poisson akashusha pumzi, mashaka yakaisha, maana ofisa anayeomba chai ndo ofisa mwenyewe! Na aliposhtuka kalizwa aliona aibu kwenda polisi, mpaka Lustig akapata ubavu wa kurudi Paris kujaribu kuuuza mnara uleule tena.

Mimi nasema haya mambo mawili, mvuto na kukufanya mshirika, ndo injini ya utapeli wa viwanja hapa. Tangu 2016 serikali ilipotangaza kuhamia kweli, na 2018 tukapewa hadhi ya jiji, kila mtu anataka kipande. Ihumwa, Iyumbu, Nala, Mtumba huko usiseme. CDA, ile mamlaka ya ustawishaji makao makuu iliyokuwa inagawa viwanja, ilivunjwa Mei 2017 kazi zake zikahamia manispaa, hapo tapeli akapata hadithi ya bure kabisa, "mimi nilikuwa CDA, mafaili yote nayajua yalipo". Nani atabisha.

Huyu wa kwetu nilimuona kwa macho akifanya kazi, nilimsindikiza yule mzee kule Nala. Tumefika, kwanza katoa salamu kwa bibi mmoja jirani, "mbukwenyi", ya Kigogo hiyo, bibi kafurahi, wameulizana habari za mvua na uwele. Kaenda kwenye bikoni, lile jiwe la mpaka, kachuchumaa, kaufuta mchanga kwa kiganja taratibu mpaka namba ikaonekana, akamwambia mzee soma mwenyewe baba, mimi macho yangu yanaweza kunidanganya. Halafu akafanya kitu ambacho mimi nilimvulia kofia. Alimwambia, baba nikwambie ukweli, kona hii mvua za Januari maji yanapita, itabidi ujenge msingi mrefu, sitaki kesho uje unilaumu. Mzee akanigeukia akanikonyeza kwamba umeona, huyu kijana mkweli. Mzee akatoa bahasha pale pale atoe kishika kiwanja, jamaa akaukunja mkono wa mzee na bahasha yake akairudisha mfukoni. "Kaongee na mama nyumbani kwanza, kiwanja hakikimbii."

Kiwanja hakikukimbia kweli, kipo palepale mpaka leo, na mwenyewe halisi kaanza kujenga.

Chai ilikuja wiki ya pili. Kwamba kuna kijana wa masijala inabidi apewe laki moja faili letu lipande juu. Letu! Mzee akaitoa na akatoka pale anatembea kifua mbele kwamba sasa na yeye ana mtu ofisini. Naomba kuwasilisha, mnasemaje?

Zege Halilali

Naweka kiti mbele kabisa, uzi huu nausubiri.

Mjomba Kizota

Mleta uzi umeandika vizuri ila unawapamba matapeli. Mimi naona sababu ni moja, tamaa. Ploti ya jirani inauzwa bei fulani, wewe unauziwa nusu yake na hujiulizi, unafikiri umewazidi akili wenzio, ukipigwa unakuja kulia humu. Tapeli hana mvuto wowote, mvuto unao wewe kwenye hela za bure.

Mkazi wa Ntyuka

Mjomba nakuheshimu lakini hapo hapana. Mzee alilipa bei ileile ya soko, tuliulizia kwa madalali wengine wawili. Tena alijaribu kuomba punguzo, jamaa akakataa katakata, akasema mwenye mali ni mama mjane siwezi kumnyonga. Punguzo linatia shaka siku hizi, watu wameshaambiwa sana kwamba cha rahisi kina walakini, na tapeli naye kasikia. Wale wa nusu bei ni wanafunzi, wanakamatwa kabla hawajala.

Dalali Mstaafu

Wakuu nimefanya udalali Dodoma hii tangu viwanja vya Area D vinaonekana ni mbali, leo nina duka langu la vifaa vya ujenzi, nimeshaachana na mambo hayo, kwaio naongea bila kuogopa. Na msituchanganye, dalali halali anakula kamisheni yake na analala kwake. Lakini hawa jamaa tumekaa nao benchi moja nimewaona.

Kitu cha kwanza watu wanakosea wanadhani tapeli ni muongeaji. Muongeaji ni yule kijana wa kupiga debe stendi. Tapeli mwenyewe hasa ni msikilizaji. Atakaa na wewe, atakuuliza umetokea wapi, watoto wangapi, huyu mkubwa yuko darasa la ngapi, ulikuwa idara gani, na atakumbuka. Ukija mara ya pili anakuuliza, yule binti alipangiwa shule gani? Ndugu zako mwenyewe hawajakuuliza hilo! Nyie mnasema mvuto, sisi benchi tulikuwa tunasema "jamaa ana masikio". Kuna mmoja alikuwa na daftari dogo la mfukoni, mteja akiondoka anaandika, jina la mke, ugonjwa wa mama, timu anayoshabikia. Nilidhani ni hesabu za mauzo mpaka siku nilipolisoma.

La pili, hana haraka. Haraka anaiweka kwa mtu mwingine. Mko kwenye kiwanja simu yake inaita, anasogea pembeni kidogo lakini sio mbali, unamsikia anasema hapana bosi, nimeshampa neno huyu baba, hata ukiongeza mbili siwezi, mimi sio mtu wa hivyo. Anarudi hakwambii chochote. Wewe ndo utaanza, kijana nani huyo? Achana naye baba, watu wa Dar hao na hela zao. Mteja analala hajapata usingizi. Asubuhi anakuja mwenyewe na bahasha, na aliyempigia jana ni mdogo wake kakaa Chako ni Chako anakula kuku.

Ile ya kutaja kasoro ya kiwanja ni kweli mleta uzi, hiyo wanaiita kutoa kidogo upate kingi. Anakupa ukweli mmoja mdogo ambao hauna madhara kwake, uongo mkubwa unapita nyuma yake.

Zege Halilali

Daftari la mfukoni!!! Aisee kuna mtu mwezi huu kaniulizia afya ya mama yangu mara tatu, naanza kumfikiria upya.

Mama Wawili Nkuhungu

Niongezee na langu maana mnaongelea wanaume na mabahasha tu. Mama yangu mdogo alifiwa na mume, sisi tuko msibani, akatokea kaka mmoja hakuna aliyemjua. Kila upande ukadhani ni wa upande wa pili, kumbe ndo alichokuwa anakitegemea. Alibeba viti, alienda kununua sukari na majani ya chai bila kutumwa, alikaa mkesha na wazee, siku ya maziko alishika jeneza. Na rambirambi alitoa elfu hamsini akasimama pale mpaka ikaandikwa kwenye daftari. Jina alilotoa lipo mpaka leo kwa maandishi mazuri tu, la uongo.

Baada ya arobaini ndo akaja na habari kwamba marehemu aliwahi kumwambia anatamani kuwaachia watoto kiwanja, na yeye anajua mahali kuna kiwanja cha mtu anahama. Mama mdogo hakuuliza hati. Mnataka aulizeje hati mtu aliyembebea mumewe? Hata sisi wa pembeni tuliokuwa tunahisi tulishindwa kufungua mdomo, ungeonekana una wivu na mjane. Mafao yalienda karibu yote.

Sasa msikilize kitu kinachoniuma kuliko hela. Tulivyomwambia mama kaibiwa alitukasirikia sisi. Alisema nyie mlikuwa wapi siku ile usiku, yeye ndo alikaa na mimi. Na kweli tulikuwa tumelala, tumechoka. Kwaio Mjomba Kizota ukisema tamaa niambie mama yangu mdogo alitamani nini? Alitamani mtu wa kumpokelea simu.

Mjomba Kizota

Dada yangu pole sana. Hilo la msibani nimelikubali, hapo hakuna tamaa. Ila hata hivyo wengi ni tamaa, sibadilishi.

Mtoto wa Miyuji

Tatizo sisi wenyewe tumelelewa kumshangilia mjanja. Toka chekechea Sungura anamuingiza Fisi mjini tunapiga makofi, Abunuwasi anawala watu vichwa tunacheka, hakuna siku mwalimu katuuliza Fisi alirudi kwake anajisikiaje. Hadi leo mtu akilizwa mtaani anayechekwa ni aliyelizwa, "kaingizwa mjini huyo", na tapeli anaitwa msanii, jina la heshima kabisa. Ndo maana watu wanaficha.

Fundi Bati

Mie naona hata wale wa "ile hela tuma kwenye namba hii" ni walewale tu, tapeli ni tapeli.

Mkazi wa Ntyuka

Sio walewale Fundi. Wale wa meseji wanatupa kokoro, wanawatumia watu elfu wakipata wawili wanashukuru, hawakujui na hawana shida ya kukujua. Hao dawa yao nyepesi, meseji kama hiyo unaituma kwenda 15040 ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, inashughulikiwa. Ninaowasema mimi wanavua kwa ndoano, mtu mmoja, mwezi mzima, na hawa hakuna namba fupi ya kuwaripoti kwa sababu namba yake umeisevu "Kaka Ardhi Mungu Ambariki".

Wakili wa Mtaani

Naomba nichangie upande wa sheria kidogo. Kujipatia mali kwa njia ya udanganyifu ni jinai, Kanuni ya Adhabu Sura ya 16, na neno la msingi pale ni udanganyifu, yaani mtu akupe kitu kwa hiari yake akiamini jambo ambalo wewe unajua ni la uongo. Kwaio sheria inajua kabisa kwamba mali inaweza kutolewa kwa tabasamu na bado ikawa kosa. Nasema hivi kwa sababu ukifika kituoni mara nyingi utaambiwa hili mlikubaliana wenyewe ni madai nendeni mahakamani. Usiondoke hapo, sema una viwanja vilivyouzwa mara mbili na nyaraka za kughushi, kughushi nayo ni jinai peke yake.

Sasa nimlete Lustig wa mleta uzi hapa Dodoma. Ile laki ya masijala ndo kufuli. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007 kifungu cha 15 inambana mtoaji na mpokeaji wote wawili. Mzee akienda kutoa maelezo atafika mahali aseme alitoa laki moja, ya nini? Ya kupandisha faili. Hapo anakaa kimya, anaanza kuruka ruka, maelezo yake yanakuwa na mashimo, mpelelezi anamuona yeye ndo muongo. Nimekaa na wazee wa namna hii, wanakuja wameshanyoosha kila kitu ukiuliza kuhusu hela ndogo ndogo wanaangalia chini. Na wale wa masijala wanaotajwa nusu yao hawapo, hakuna kijana wala faili, laki ilikuwa ya kukufunga mdomo tu na hiyo ndo kazi iliyolipiwa.

Ushauri, semeni yote. Kuficha hiyo laki kunampa tapeli nafasi ya kula milioni zilizobaki kwa raha.

Dalali Mstaafu

Wakili umegusa penyewe. Jamaa walikuwa wanasema kabisa "huyu hajala chai bado", maana yake mteja hajatoa hela ya pembeni, kwaio bado ni hatari, anaweza kwenda polisi. Mpaka atoe ndo wanachukua kubwa.

Mama Wawili Nkuhungu

Mungu wangu.

Mpare wa Makole

Mmesahau watu wa vikundi nyie. Wenye umri wangu mnakumbuka DECI, ule upatu wa kupanda na kuvuna hela, mpaka serikali inaisimamisha 2009, nani hapa hakuwa na ndugu aliyepanda mbegu? Lugha yenyewe ilikuwa tamu, hutoi hela, unapanda, na huchukui riba, unavuna, na waliokuwa mbele ni wachungaji. Kilichowaponza watu sio maneno ya mchungaji peke yake bali ni kwamba waliotangulia walilipwa kweli. Jirani yako kapanda kavuna kapaua nyumba, unaiona bati inang'aa, utabisha nini? Charles Ponzi alifanya hivyohivyo Boston mwaka 1920, anaahidi faida ya asilimia 50 ndani ya siku 45, wa kwanza analipwa kwa hela ya wa nyuma. Katika michezo hii tapeli hata hana haja ya kuwa na mvuto, anamtumia shangazi yako. Shangazi ndo anakuja sebuleni na ushuhuda, na shangazi hadanganyi, anasema ukweli mtupu, alivuna.

Ndo maana naona wa viwanja ni wagumu zaidi kwao wenyewe, hawawezi kumlipa mteja wa kwanza. Inabidi wafanye kazi ya moyo.

Mjomba Kizota

Haya sasa mmeniandama weee. Tuseme nimekubali nusu. Tufanyeje basi, tusiwe na marafiki? Kila anayebeba viti msibani tumuombe kitambulisho cha NIDA? Dodoma watu wote wahamiaji, ukikataa kila mgeni utaishi na nani.

Mkazi wa Ntyuka

Swali zuri hili Mjomba na nilikuwa nalikwepa. Mimi sisemi umuone kila mchangamfu ni tapeli, mchangamfu wa kweli wapo na Mgogo ukimsalimia vizuri atakupa mpaka kuku. Nasema kupenda mtu na kukagua karatasi ni kazi mbili, ifanye kila moja kivyake. Mpende, kunywa naye mtori, halafu kesho yake amka nenda ofisi ya Msajili wa Hati omba upekuzi wa kile kiwanja, unalipia kwa kontroo namba, jina la taasisi linakutokea kwenye simu kabla hujathibitisha. Taarifa ya upekuzi inakuonyesha mwenye hati ni nani, ina rehani, ina zuio. Kama kiwanja hakina hati bado, nenda ofisi ya ardhi ya jiji na namba ya ploti na bloku wakuangalizie mchoro na nani amemilikishwa, halafu ofisi ya mtaa, halafu majirani wa pande zote. Yule bibi wa Nala tungerudi peke yetu tukamuuliza nani mwenye shamba hili angetuambia siku ileile. Hatukurudi kwa sababu ilionekana wanafahamiana sana na jamaa. Kumbe alimsalimia tu!

Dalali Mstaafu

Ongeza hapo, nenda bila yeye na bila mtu wake. Ukimwambia nataka kufanya upekuzi hatakataa, atakwambia vizuri sana baba ndivyo inavyotakiwa, nina kijana pale atakusaidia usipange foleni. Hapo ndo utapewa taarifa ya upekuzi ya kuchapishwa stationery ya Uhindini. Mwambie asante, nimeshaenda. Usimwambie unaenda, mwambie umeshaenda, halafu mwangalie usoni. Dalali wa haki ataguna kidogo kwamba umemchelewesha kisha atauliza wamesemaje. Yule mwingine atahuzunika. Atakwambia kwa sauti ya chini kabisa, baba kumbe huniamini? Na mimi nilivyokuchukulia kama mzazi? Ukisikia hiyo sentensi usijitetee wala usiombe radhi, nyanyuka.

Wakili wa Mtaani

Na malipo yapite benki kwa jina la mwenye hati, sio la dalali, sio la "mdogo wa mwenye hati". Mkataba usainiwe mbele ya wakili uliyemtafuta mwenyewe. Muuzaji kama ana ndoa mwenza wake aridhie kwa maandishi, hili watu wanalipuuza na linavunja mauziano kila siku.

Fundi Bati

Vipi kuhusu asilimia kumi ya mwenyekiti wa mtaa?

Wakili wa Mtaani

Hiyo fungulia uzi wake Fundi, hapa hatutamaliza.

Kijana wa Kimara

Wakuu shikamooni, nipo Dar, nimesoma uzi wote nimekaa chini. Jumamosi hii nilikuwa nakuja na SGR kuangalia ploti mbili Ihumwa. Jamaa nimempata kupitia mfanyakazi mwenzangu, ni mpole sana yaan, kasema atanipokea stesheni na gari lake, hela ya mafuta nisijali, nikimaliza atanipeleka nikale nyama choma halafu nirudi na treni ya jioni. Hajaniomba hata mia. Mnanitisha.

Dalali Mstaafu

Mwanangu sisemi ni tapeli. Ila Jumamosi ofisi za ardhi zimefungwa. Muombe iwe Jumanne.

Mkazi wa Ntyuka

Na ukifika shuka chukua bajaji mwenyewe uende ofisini kwanza, yeye mkutane saa saba huko huko Ihumwa.

Kijana wa Kimara

Nimemwandikia nije Jumanne. Kasema Jumanne ana msiba Kondoa.

Mama Wawili Nkuhungu

Muulize Jumatano.

Kijana wa Kimara

Kasoma. Tiki mbili za bluu, hajajibu bado.